Saiti Mira ya Kushoto

Ulipoachana nami wiki iliyopita nilikuwa nimesimama Mirongo, hapa Mwanza, mkono mmoja umeshika suti mpya ndani ya mfuko wa nailoni, mwingine umeshika nyaya zinazoning'inia mahali palipokuwa na saiti mira, kioo cha pembeni, ya gari la watu.

Kwa msomaji aliyechelewa: mimi ni Nestory, fundi wa majokofu, Mhaya wa Bukoba ninayeishi Pasiansi. Nataka kumwoa Odeta, binti wa Mzee Ndalahwa. Mzee alikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumzika rafiki yake, akaniachia Premio yake nyeupe niilaze uani kwangu, maana geti la kwake limevunjika. Alisema ilale. Hakusema iendeshwe. Mimi nikaiendesha hadi mjini kuchukua suti ya kuvaa Jumamosi, siku ambayo wazee wangu wangefika kutoka Bukoba kuzungumza mahari. Nilipotoka kwa fundi cherehani nikakuta wezi wameshanyofoa saiti mira ya kushoto.

Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni. Ijumaa alasiri Mzee alikuwa anarudi kwa kivuko, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea kwa gari hilohilo.

Usiniulize kwa nini sikumpigia simu nikamweleza ukweli. Mzee Ndalahwa alishamfukuza mchumba wa dada yake Odeta kwa kosa la kurudisha jembe mpini umelegea. "Asiyetunza jembe la mtu," alisema, "atamtunza vipi mtoto wa mtu?" Kama jembe lilivunja uchumba, saiti mira ingefanya nini?

Ijumaa asubuhi nikaamkia dukani kwa Chetan, palepale Mirongo, kabla hajamaliza kufungua milango. Chetan anauza vipuri vya magari kama baba yake na babu yake. Jokofu la nyumbani kwake nimelitengeneza mara nyingi, kwa hiyo tunataniana.

"Mwangaluka, ngosha," akanisalimia Kisukuma.

"Mimi Mhaya, Chetan."

"Unaoa Msukuma halafu hujui kuitikia salamu? Watakukatalia mbuzi wako mlangoni."

"Leo sina nafasi ya utani. Nataka saiti mira ya Premio. Kushoto. Nyeupe."

Akaacha kucheka. Akaangalia rafu zake, akaangalia simu yake, akatikisa kichwa.

"Mpya sina. Nikiagiza Dar inafika Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimeshaachwa."

"Basi tafuta ya mtumba. Lakini nisikilize. Ukikuta ina namba ya gari la mtu, iache hapohapo ilipo."

Wenye magari wote wa mji huu wanaelewa alichosema. Ukinunua gari, jambo la kwanza ni kuchonga namba yake kwenye vioo, kwenye taa na kwenye saiti mira, ili mwizi akiiba apate taabu ya kuuza. Mwizi naye hakosi dawa. Fundi yuleyule anayechonga anaweza pia kusugua ya zamani na kuweka mpya.

"Kaka, umesema Premio ya kushoto?"

Mtu mmoja alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, amevaa koti la mvua la kijani ingawa jua lilikuwa linawaka. Sura ya kawaida kabisa, ndevu chache, jino moja la mbele limekatika.

"Nyeupe ninayo," akasema. "Naitwa Mhoja. Twende, si mbali."

Chetan alinitazama kwa juu ya miwani yake na kutikisa kichwa tena, polepole. Nilimwona. Naandika hapa mbele ya wasomaji wote kwamba nilimwona, na nikaenda.

Mhoja alinipeleka ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wanapokata magari mabovu kuwa skrepa. Hakuniingiza ndani. Alisema kuna mbwa mkali. Akaingia peke yake, akatoka na kitu kimeviringishwa ndani ya gunia. Watu huonywa wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi nilifunguliwa gunia, nikamtazama mbuzi huyo vizuri, na bado nikamnunua.

Ilikuwa saiti mira ya Premio, ya kushoto, nyeupe, kana kwamba nimeota nikapewa. Kwa juu ya kioo ilikuwa imechongwa namba ya gari. Kwa chini, kwenye plastiki, palikuwa na ufa mrefu ulioungwa kwa gundi.

"Hii namba ya nani?" nikauliza.

"Ya gari lililokufa. Tumelikata."

"Kadi yake ipo?"

"Kaka, unanunua kioo au unanunua gari?"

"Na huu ufa?"

"Liligonga nguzo."

Nikaushika ule ufa kama wakili. Nikamwambia kibovu hakiuzwi bei ya kizima, nguzo yenyewe sikuigonga mimi, na gundi hata mtoto anajua kupaka. Nikabishana mpaka Mhoja akachoka na kupunguza. Nikaondoka najiona mjanja wa mjini. Leo sipendi kuyakumbuka majadiliano yale, na punde utajua kwa nini.

Mhoja akanisindikiza hadi kwa mchonga namba aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli, karibu na lango la uwanja ule. Jina lake Malimi, mtu mnene mwenye mashine ndogo kama ya daktari wa meno.

"Futa hii, weka hii," nikamwambia, nikamtajia namba ya gari la Mzee.

"Ya zamani imechimbwa sana."

"Sugua isionekane kabisa."

"Kabisa haiwezekani, bosi. Kwa mbali haitaonekana."

"Isionekane kabisa," nikarudia kwa ukali. Nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka huwa mkali bila sababu. Maneno hayo mawili yaweke akilini, msomaji. Kuna mtu mwingine aliyeyaweka.

Malimi akasugua. Akachonga namba ya Mzee kwa chini, herufi safi kabisa. Nilipogeuka kumshukuru Mhoja, alikuwa ameshaondoka.

Kivuko kilipofika nilikuwa bandarini, gari linang'aa, saiti mira imekaa mahali pake, nyaya zimeungwa. Mzee Ndalahwa akashuka na begi, gunia dogo la machungwa ya Ukerewe na kofia yake ya mchana na usiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari limelala?"

"Limelala, baba."

Hakuingia. Alilizunguka kama anayenunua ng'ombe mnadani. Akapiga tairi kwa kiatu. Akainama kwenye taa. Akafika upande wa kushoto na kusimama mbele ya ile saiti mira, na mimi nikaanza kupanga maneno.

"Umeliosha," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Kijana msafi ni kijana mwema."

Akaketi mbele, kushoto, machungwa miguuni. Nikashusha pumzi. Miwani yake ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa nyuma.

Hatukufika mbali mvua ikatukuta. Mvua ya ziwa haibishi hodi. Ilinyesha kwa nguvu, ikakatika, ikaacha mvuke unapanda kutoka barabarani. Nikatazama saiti mira ya kushoto ili nimpishe mwendesha bodaboda.

Kioo kilikuwa kimeshika ukungu. Na ndani ya ukungu ule, kwa juu, ile namba niliyoilipia ifutwe ilikuwa inajitokeza, tarakimu moja baada ya nyingine.

Mzee alikuwa amekaa karibu na kioo kile kuliko mimi. Angegeuza shingo kidogo tu angekiona. Nikakanyaga mafuta ili upepo ukikaushe.

"Punguza," akasema Mzee.

Sikupunguza.

"Nestory. Nimesema punguza. Hapa ndipo."

Nikapunguza. Akavua kofia yake, akaiweka magotini, akatazama mbele moja kwa moja.

Nilijua anachokumbuka. Hapo, kabla ya kuingia Pasiansi, ndipo Chenge alipogongwa na gari miaka miwili iliyopita. Chenge alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, kaka yake Odeta. Alikuwa anatembea pembeni, upande wa kushoto, na gari halikusimama. Mimi sikumjua marehemu. Niliingia nyumba ile miezi michache baada ya mazishi, nimeitwa kutengeneza jokofu, na Odeta ndiye aliyenifungulia mlango.

Tukapita mahali pale taratibu kama watu wa msafara wa maiti. Mzee akavaa kofia. Hakugeuza shingo. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na sasa najua nilikuwa nashukuru nini.

Tulipofika nyumbani kwa Mzee, Odeta alitoka na beseni la maji ya baba yake kunawia. Alinitabasamia kwa macho, kwa sababu mbele ya baba yake hatabasamu kwa mdomo. Nyuma yake akaja mama yake, na mimi nikajivuta hadi ukutani na kuangalia upande mwingine.

Sikuwa na ugomvi na mama. Kwao mkwe na mama mkwe hawazoeani, ni heshima. Tangu nianze kuchumbia nilikuwa naisikia tu sauti yake jikoni. Nikiingia uani anapita mlango wa nyuma. Akiwa na neno langu anamwambia Odeta, na Odeta ananifikishia, hata kama sote tunasikia. Sikuwahi kuambiwa neno moja na mama yule uso kwa uso.

Alikuja kuchukua machungwa. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, nikasubiri usikike unafungwa. Haukufungwa.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameinama mbele ya saiti mira ya kushoto. Akakipangusa kioo kwa pindo la khanga. Akakipulizia pumzi yake. Halafu akaanza kusoma, kwa sauti ndogo, namba ya gari, tarakimu kwa tarakimu na herufi kwa herufi, kama mtu anayesali rozari.

Namba yenyewe siitaji hapa. Polisi wamenikataza.

"Mama, unasema nini?" akauliza Odeta.

"Njoo usome wewe. Yasije yakawa macho yangu."

Odeta akaenda, akasoma. Beseni likamtoka mikononi na maji yakamwagikia miguuni mwa baba yake. Mzee akatafuta miwani yake kwenye begi, akaivaa, akasoma naye. Wote watatu walikuwa wameinamia kioo kile.

Halafu mama akanyooka. Akaja moja kwa moja nilipokuwa, akanishika kiwiko cha mkono.

"Umeitoa wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Nilifungua mdomo nimdanganye, kwa kuwa siku ile uongo ulikuwa umeshakuwa mwepesi. Nikashindwa. Alikuwa hajaniachia kiwiko. Nikaeleza yote: suti, wezi, Chetan, Mhoja, Malimi.

Mzee alisikiliza kofia ikiwa mkononi.

"Iliibiwa jana," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na leo bandarini ukaniambia gari limelala."

"Ndiyo, baba."

"Na namba hii, nani kaifuta?"

"Mimi. Nilimlipa fundi."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza, juu ya maji yaliyomwagika, hakujali. Odeta ndiye aliyenieleza, na alinieleza akitazama pembeni. Siku Chenge alipogongwa, mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara, anaitwa Rose, aliikariri namba ya gari lile. Polisi waliifuatilia wakampata mwenye jina kwenye kadi. Yule akaonyesha kwamba alishaliuza zamani, ila mnunuzi hakubadilisha kadi, na mnunuzi mwenyewe hakujulikana alikokwenda. Tangu hapo gari lile halijaonekana tena. Katika nyumba ile namba hiyo iliimbwa kila mtu akiwa peke yake. Kipande chake cha kwanza kupatikana ndicho nilichokileta mimi, kimesuguliwa.

"Ulipoifuta," akaniuliza Odeta, "ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nitajuaje? Hamkuwahi kunitajia namba."

"Hukuwahi kuuliza."

Mama alikuwa amerudi kwenye gari. Mkono wake ulikuwa chini ya ile saiti mira, kwenye plastiki, kidole kinafuata ule ufa ulioungwa.

"Na hapa?" akauliza. "Hapa palifanywa nini?"

"Aliyeniuzia alisema," nikaanza. "Alisema liligonga nguzo."

Ilikuwa saiti mira ya kushoto, na Chenge alikuwa anatembea kushoto. Mama akaufunika ule ufa kwa kiganja chake chote, akaacha mkono pale. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeutumia kuombea punguzo. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa mapambo.

"Ingieni kwenye gari," akasema Mzee.

Akachukua ufunguo mkononi mwangu, akaendesha mwenyewe. Odeta akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma, na mama akaja kukaa kando yangu. Heshima yote ya mkwe na mama mkwe ilikuwa imebaki uani. Njia nzima nilijibana mlangoni.

Kwenye lango la uwanja, Malimi alikuwa anakunja mwavuli wake. Aliponiona na watu wazima nyuma yangu, akaanza kukusanya vitu haraka.

"Mzee, mimi nachonga tu," akasema kabla hajaulizwa.

"Huyu unamfahamu?" Mzee akamwonyesha mimi.

"Alikuja asubuhi na kioo. Akaniambia nisugue namba isionekane kabisa. Nikamwambia kabisa haiwezekani. Akanifokea, akarudia, isionekane kabisa."

Odeta akanitazama.

"Mwambie na habari za Mhoja," nikasema. "Mwambie yule aliyekuja na mimi, mwenye koti la kijani."

"Yule? Mimi nilimwona leo kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni mwenzako."

"Alikitoa humo ndani. Ndiye mwenye mali."

Malimi akamwita mlinzi wa uwanja. Mlinzi akasema humo hamna Mhoja, hajawahi kuwapo Mhoja, na wala hamna mbwa. Asubuhi mtu mmoja aliomba kupita kwenda haja ndogo, akiwa na gunia kwapani, chini ya koti. Aliingia nalo na akatoka nalo.

Nikaelewa nilivyochezewa. Kioo hakikutoka kwenye uwanja ule. Mhoja alikipitisha pale ili nidhani kimetoka humo ndani. Alikuwa nacho chini ya lile koti la mvua tangu dukani kwa Chetan, na huenda gari zima analo mahali pengine.

"Simu yake?" akauliza Mzee.

"Sikuichukua."

"Ulilipa kwa simu?"

"Taslimu."

Mzee akacheka mara moja, kicheko kisicho na furaha, akarudi kwenye gari.

Kituoni tulipokelewa na askari mmoja mtulivu, wa umri wangu. Ile saiti mira ikafunguliwa kwenye gari na kuwekwa mezani juu ya gazeti. Alituacha tumalize kueleza, hakumkatiza mtu. Kisha akanigeukia mimi.

"Aliyekuuzia hayupo."

"Ndiyo, afande."

"Hujui anakoishi. Huna simu yake. Hukumlipa kwa njia itakayomwonyesha."

"Duka la Chetan, Mirongo. Chetan alimwona."

"Alimwona mtu ameegemea nguzo. Alimwona anakuuzia?"

Nikatikisa kichwa.

"Fundi anasema ulitaka namba isionekane kabisa. Kwa hiyo mtu pekee ambaye amepatikana na kipande cha gari lile, akiwa anakiondolea namba, ni wewe. Miaka miwili iliyopita ulikuwa wapi?"

"Hapahapa Mwanza."

"Ulikuwa unaendesha gari?"

"Nilikuwa naazima. Kwa kazi zangu."

Nilijisikia nilivyojibu. Afande naye alisikia. Akaegemea kiti.

"Na huyu dada mlifahamiana lini?"

"Nilikwenda kwao kutengeneza jokofu."

"Lini?"

"Miezi michache baada ya msiba."

"Baada ya msiba," akasema, taratibu, bila kunishutumu. Hakuhitaji.

Nikamtafuta Odeta kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya baba yake, mikono imekumbatia pochi. Nimemwona Odeta akiwa amekasirika, nimemwona akilia, nimemwona ananicheka. Usoni mwake siku ile niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona bado. Alikuwa anahesabu. Alikuwa anarudi nyuma hadi siku aliyonifungulia mlango, na kuniangalia upya tangu pale: nilivyoshika jokofu, nilivyokataa malipo, nilivyorudi kesho yake kusalimia tu.

"Odeta," nikasema. "Nilikataa malipo kwa sababu nilikupenda. Basi."

Ningempa nini aniamini? Kila nilichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa ndicho kinachonishtaki.

"Mzee," askari akamwambia Mzee Ndalahwa, "huyu nikimwachia leo, ataondoka kwa mdhamini. Mtu wa kumjibia. Nasikia ni mkwe wako."

"Alitaka kuwa."

"Na sasa?"

Mzee aliizungusha kofia yake, akaitazama ndani.

"Sasa simjui ni nani. Afande, mimi nilimwachia gari. Sikuwa nimemwachia kitu kingine."

Odeta akainamisha kichwa. Nilitegemea aseme neno, japo moja, japo la kunitukana. Nikasikia viatu vya askari mwingine vinakuja kutoka korido ya nyuma, na funguo. Nikaanza kuvua mkanda, maana nimeona wenzangu wakivuliwa.

"Subirini," akasema mama.

Alikuwa amesimama karibu na meza. Tangu tuingie kituoni hakuwa amefungua mdomo, wala hakuwa ameondoa macho kwenye kile kipande cha plastiki juu ya gazeti.

"Nitamjibia mimi."

Mzee akageuka. "Mama Chenge."

"Nitamjibia mimi," akarudia.

Askari akamwangalia kwa adabu. "Mama, unamdhamini kama nani wako?"

"Si kama nani wangu. Yeye ndiye anayeijua vizuri zaidi sura ya yule muuzaji. Mkimfungia humu, kesho yule mtu atakuwa ameshavuka ziwa, na mimi nitabaki na namba ileile niliyonayo tangu zamani."

Akanigeukia. Safari hii hakunishika. Alisimama mbele yangu, mama mkwe na mkwe, uso kwa uso, mbele ya watu, jambo ambalo kwao halifanyiki. Mguu wangu ukarudi nyuma wenyewe. Yeye akasogea.

"Wazee wako wakifika kesho nitawapikia, maana wao hawajanikosea," akasema. "Mahari haitazungumzwa. Na wewe hutakuwepo. Wewe utakuwa unamtafuta yule mtu wa koti la kijani, usiku na mchana, mpaka umpate."

"Nitamtafuta, mama."

"Ukimleta, nitakuita mkwe wangu, na huyu mzee hatakuwa na la kusema."

Alivuta khanga yake begani. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Usipomleta, nitajua kwamba hakuna aliyekuuzia. Nitajua ulikuwa wewe."